Mzee Muthiani, Miaka Ishirini

Saa kumi na mbili na nusu simu inalia.
Tolman amekwisha kupiga magoti kando ya kitanda,
nyayo zake nyekundu zimenielekea.
Mimi bado nabishana na blanketi.
Mlima leo umejifunika, hata Kibo haionekani.
Chai hatunywi. Tunakoroga uji wa ulezi,
tunasoma, yeye kwa sauti, ulimi ukimkwama
kama aliyemeza mfupa wa perege:
ngombe, anasema.
Ng'ombe, nasema.
Ngombe.
Basi, tutakwenda nao hivyo hivyo.

Shati nililofua Jumatatu
tayari lina mstari shingoni.
Vumbi la Pasua halimuulizi mtu katumwa na nani.
Kifuani, beji nyeusi: MZEE MUTHIANI.
Ndevu zangu zinahesabika.
Vijana wa bodaboda pale Njoro wananingoja:
"Shikamoo, mzee!"
Naitika marahaba. Nifanyeje, jina limeandikwa.

Kwetu Makindu nilidhani Kiswahili nakijua.
Siku ya kwanza dukani nikasema, "Nipe sabuni,"
mwenye duka akanitazama kama niliyemkanyaga.
"Sema naomba."
Tangu hapo naomba. Naomba sabuni, naomba njia,
naomba dakika kumi tu, mama.
"Njooni kesho."
Na kesho mtoto anatumwa mlangoni:
"Mama kasema hayupo."

Bibi Aikaruwa wa Rau hakusema kesho.
Alituketisha, akamuuliza Tolman
kama mama yake anajua alipo,
akaleta birika.
Kahawa ya mibuni yake,
kaianika, kaikaanga, kaitwanga mwenyewe.
"Hatunywi, bibi."
"Mnaumwa tumbo?"
"Ni amri."
Akatazama birika. Akatutazama sisi.
"Kahawa hii imesomesha watoto watano.
Mmoja nesi."
Akaimwaga kwenye majivu, polepole,
tuisikie.

Siku hiyo nilipanda baiskeli nikiwa mdogo kuliko beji.

Jumatatu, mama kwenye simu:
Susu tulimzika Ijumaa.
Hatukutaka kukukatiza kazi.
Tolman hakuwa na Kiswahili cha neno kama hilo,
nami Kiingereza kilikuwa kimenikimbia.
Akachukua viatu vyangu akavipiga kiwi.
Akamaliza.
Akaanza upya.

Jumanne nikakata jani la isale kwenye ua wa jirani,
nikalifunga kwenye usukani.
Bibi aliliona kabla hajatuona.
"Nani kakufundisha?"
"Fundi baiskeli wa Majengo. Kasema Mchaga hakatai isale."
"Mshenzi yule," akacheka,
akalipokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa na somo tayari mkobani,
familia za milele, na picha zake.
Badala yake nikamwambia habari za Susu.
Sikukusudia.
Alinyamaza kitambo, kisha akaonyesha kwa kidevu
kaburi lenye vigae vyeupe kule migombani.
"Huko milele, Ndekirwa nitampikia tena?"
Tolman akaanza kupekua kitabu.
Sikumsaidia kutafuta.
"Sijui, bibi."
"Mh. Angalau wewe hujui."
Akainjika maziwa.

Ubatizo kasema hautaki,
Walutheri walimbatiza akiwa wa mgongoni,
maji yale yanamtosha.
Lakini kila Jumanne kuna vikombe viwili
vya maziwa yenye utando,
na gogo la mgrevilea linatungoja na shoka lake.
Tolman anapasua kuni kama mtu mwenye deni.
Usiku tunajaza ripoti:
masomo, sifuri. Waliokubali tarehe, sifuri.
Kuni hazina kisanduku.

Jana tulikuwa tunaaga, tai zimenyooka,
mara sauti kutoka zizini, haina kicheko ndani yake:
"Mzee! We mzee!
Mbuzi kakata kamba, mkimbize!"
Nikaitupa tai begani
nikakimbia.